Sampuli Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata msimamizi wa utafiti. Na nani? Bwana Endelea! Darasa zima limenipa pole kama mtu aliyefiwa. Tunamwita hivyo kwa sababu kila ukimpelekea kazi, jibu lake ni neno hilo moja.

Nimeingia ofisini kwake saa nne. Kasimama na kikombe cha chai mkononi, maana yake usikae. Kasoma kichwa cha utafiti wangu – kiasi cha naitreti, ile chumvi ya mbolea, katika maji ya visima vya mtaani – akasema haya, nenda kachukue sampuli. Nikauliza, visima vingapi, mwalimu? Akanitazama kama nimemwomba anifunge kamba za viatu. Kasema hapa ni chuo na yeye si yaya. Mwanafunzi mzima anaamua, anakosea, anajirekebisha. Wanaotaka kutafuniwa warudi shule ya msingi.

Wengine wangenuna. Mimi nimetoka nimevimba kichwa! Tangu mama afariki, dada ndiye kaniamulia kila kitu: shule gani, viatu gani, nisuke au ninyoe. Nampenda dada, lakini nina miaka ishirini na mbili. Leo kwa mara ya kwanza mtu mzima kaniambia amua mwenyewe.

Visima vinane. Nimeshaamua.


Alhamisi, 6 Machi

Ninayeishi naye chumba kimoja tunamwita Kifutio, maana anafuta kuliko anavyoandika. Msimamizi wake ni Mama Wino. Huyo kila Ijumaa anataka daftari la maabara lenyewe, si nakala safi – lile lenye madoa, lenye namba za penseli zilizoandikwa mbio mbio. Anasoma ukurasa kwa ukurasa na kalamu nyekundu. Kesho ni Ijumaa, basi leo Kifutio hali chakula.

Nimemwambia, mwenzangu, wewe uko chuoni au chekechea?

Kanijibu bila kuinua kichwa: "Cheka tu. Mimi angalau kuna mtu anasoma."

Limenikera hilo. Sijui kwa nini.


Jumanne, 11 Machi

Sampuli zote zimekamilika! Siku mbili juani, viatu vimekwisha. Chupa nane, kila moja na namba yake, kwenye boksi la barafu.

Namba saba ni pampu ya mkono iliyo uani kwa dada. Nimeiacha karibu na mwisho kusudi, nipate pa kukaa. Dada tumbo liko puani, anatembea ameshika kiuno, bado ananiuliza kama nimekula. Maji ya ile pampu watu wanafulia na kumwagilia tu, maji ya kunywa shemeji anayafuata kwa baiskeli kwenye bomba la mbali, madumu manne kila asubuhi kabla ya kazi. Mgongo unamuuma. Kaniambia kwa utani: "Shemeji mtaalamu, hebu yapime haya ya hapa uniponye mgongo."

Nikapampu. Maji meupe, baridi, hayana harufu. Ya kisima namba mbili yalikuwa ya kahawia kabisa. Nikaandika kwenye daftari: 7, safi kwa macho. Nikaandika pia kwamba nyuma ya ukuta kuna bustani ya mboga ya jirani, na magunia ya mbolea yamepangwa hadi usawa wa dirisha. Hayo yote nimefundishwa kuandika. Sikufundishwa nani atayasoma.


Jumatano, 19 Machi

Siku gani hii!

Maabara tangu asubuhi. Mashine yetu ya kusoma naitreti ni kongwe, inasoma mpaka thelathini tu. Ikizidi hapo inalia na kukataa. Ukiona imekataa, unaizimua sampuli: sehemu moja ya maji yako, tisa za maji ya maabara, unasoma tena. Sampuli nyingine zote zimepita bila tabu. Namba saba ikalia. Nikarudia, ikalia. Nikaizimua mara kumi. Ikasoma 18.6. Wakati naandika, simu ikatetemeka mfukoni – shemeji! Dada kajifungua! Mtoto wa kike, wazima wote wawili!

Nimepiga ukelele, fundi wa maabara akadhani nimevunja chupa. Yule mzee ni mpole. Kaniuliza nimemaliza, anikagulie kabla sijaondoka? Nikamwambia niko sawa, baba, kila kitu kiko kwenye daftari. Nikavua koti la maabara huku nakimbia.

Ana nywele nyingi kama mama yetu. Kanishika kidole hataki kukiachia. Mimi ni mama mdogo wa mtu!


Jumamosi, 22 Machi

Kwa dada. Maziwa hayamtoki ya kutosha, wauguzi wamemwandikia mtoto ya kopo. Dada kalia kidogo, kajilaumu, nikamkanya. Sasa shida ni maji ya kuchanganyia. Shemeji anakwenda bombani mara mbili kwa siku, na jana foleni ilimchelewesha, mtoto akapiga kelele mpaka akakauka sauti.

Dada akanigeukia. Kasema: "Wewe si ndiye unayesoma haya mambo? Ya pampu yetu yalitokaje?"

Jamani, sikuwahi kuulizwa kitu na dada! Siku zote mimi ndiye ninayemuuliza. Nikafungua kompyuta, jedwali langu zuri lenye mistari. Kisima namba saba: 18.6. Kiwango kisichopaswa kuzidi: 50. Nikawaeleza taratibu, kama niko mbele ya darasa. Naitreti ikizidi hapo, mtu mzima haoni kitu, ila kichanga damu yake inashindwa kubeba hewa. Hii yenu haijafika hata nusu. Mnywe tu.

Shemeji karuka. Kaigeuza baiskeli juu chini, kasema leo inapumzika na yenyewe.

Kisha akaniomba niandike, maana majirani nao wana watoto. Nikaandika kwa kalamu nene, kwenye karatasi yenye nembo ya chuo: MAJI HAYA YAMEPIMWA. YAKO SALAMA KWA KUNYWA, HATA KWA WATOTO. Nikatia sahihi. Shemeji kaitia kwenye mfuko wa plastiki isilowe, kaipigilia misumari minne kwenye nguzo ya pampu. Tukasimama tunaitazama.

Dada anachemsha kila tone. Namjua dada, anayachemsha mpaka yanabaki nusu ya sufuria.


Ijumaa, 28 Machi

Nimemtumia Bwana Endelea sura ya matokeo. Kurasa ishirini na mbili, majedwali sita. Nimebonyeza saa tano na dakika kumi. Jibu limekuja saa tano na dakika kumi na nne.

"Nimeona. Endelea."

Dakika nne! Nimecheka peke yangu. Ama ni msomaji hodari duniani, ama kazi yangu haina dosari. Nimeamua kuamini la pili.

Kifutio bado yuko sura ya pili. Maskini.


Jumatano, 2 Aprili

Kifutio karudi kutoka kwa Mama Wino uso umemshuka mpaka kifuani. Kumbe alizimua sampuli zake za chumvi akasahau kuzidisha jibu! Mara kumi nzima! Mama Wino kaliona kwenye daftari la penseli, kwenye pembe ya ukurasa. Kamsimamisha pale ofisini, kamuuliza: ukiwa daktari wa maji, utaua wangapi kwa sifuri moja?

Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Sifuri moja! Mtu wa mwaka wa tatu! Nimemwambia ndiyo matokeo ya kushikwa mkono hayo, akili inalala kwa sababu inajua kuna mtu atakuja kukagua. Mimi sina wa kunikagua, basi niko macho muda wote.

Kifutio alikuwa anafuta, anaandika upya, anafuta. Kisha akasema taratibu, kama anajisemea: "Yako uliikagua na nani?"

Nimemwambia anipishe nilale. Ilikuwa saa tisa mchana, na sikulala.


Jumamosi, 5 Aprili

Kwa dada. Mtoto kakonda kidogo, au ni macho yangu. Hakunishika kidole. Nilikiweka mwenyewe kwenye kiganja chake, kikabaki pale kama kitu kilichosahauliwa. Dada anasema tangu jana ni usingizi tu, na chupa haimalizi. Midomo yake ina rangi – nitaisemaje? Kama amekula zambarau. Shemeji anasema ni baridi ya asubuhi. Jua lilikuwa linawaka.

Nikauliza, mnamchemshia maji vizuri? Dada kanijia juu. Anayachemsha mara mbili! Kwani yeye mtoto?

Uani foleni ya ndoo. Wamezoea sasa, hata wa mtaa wa pili wanakuja hapa. Mama mmoja kanisalimia: "Ndiye binti wa karatasi huyu!" Wakanishukuru. Kuna aliyeniombea baraka.

Nimeondoka mapema. Nimemwambia dada ampeleke kwa daktari Jumatatu. Kwa nini nilisema Jumatatu?


Jumapili, 6 Aprili

Naandika yote kama yalivyotokea. Nisipoandika nitaanza kujidanganya.

Saa tatu asubuhi dada kapiga simu. Wako hospitali tangu alfajiri. Mtoto kabadilika rangi, midomo, kucha, hata masikio. Wamemwekea hewa na rangi hairudi. Walipomtoa damu, dada kasema haikuwa nyekundu, ilikuwa kama kahawa. Daktari kawauliza maziwa wanachanganya na maji gani. Dada kamwambia maji hayana shida, daktari, yamepimwa na mdogo wangu anayasomea.

Kisha akaniuliza mimi. "Si uliyapima mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

Ndiyo! Hivyo hivyo, haraka, bila kufungua kitu. Akasema haya, kamwambia daktari, sasa wanatazama moyo na mapafu. Akakata.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Damu kama kahawa. Nililisoma hilo. Nililiandika mwenyewe, sura ya pili, ukurasa wa tisa! Nikavuta daftari la maabara – si kompyuta, daftari – nikafungua tarehe kumi na tisa.

7. Inakataa. 7. Inakataa. 7, 18.6. Na kwenye pembe, kwa penseli, mwandiko wangu, mdogo mdogo: mara kumi.

Sikuzidisha. Niliandika nusu, simu ikatetemeka, nikakimbia kwenda kumwona.

Si 18.6. Ni 186.

Na dada anachemsha mpaka sufuria inabaki nusu. Naitreti haiondoki kwa moto. Maji ndiyo yanaondoka, yenyewe inabaki na kukolea.

Sasa hili ndilo ninaloliandika kwa shida. Sikumpigia dada. Kitu cha kwanza nilichofanya, niliandika meseji kwa Bwana Endelea. Mwalimu, samahani kwa usumbufu siku ya mapumziko, nadhani nimekosea kisima namba saba, kuna mtoto anaumwa, nifanyeje? Nikatuma. Nikakaa namsubiri. Mwezi mzima najisifu sitaki kushikwa mkono, na saa ile nilikuwa nimeunyoosha mkono wangu hewani natafuta wa kuushika. Dakika kumi. Ishirini. Niliitazama simu kama sufuria inayochelewa kuchemka. Dakika arobaini, na kule hospitali wanatafuta ugonjwa kwenye moyo wa mtoto kwa sababu mimi nilisema ndiyo.

Kifutio katoka kuoga, kaniona, kaliona daftari. Hakunicheka. Kaweka kidole kwenye ile alama ya penseli, akasema: "Piga sasa hivi."

Nikapiga. Kapokea shemeji. Nikamwambia msimpe tena maji ya pampu, mwambie daktari ni naitreti, mwambie nilikosea. Akauliza, ulikosea nini, shemeji? Nikasema sifuri. Kisha nikamsikia anakimbia kwenye korido, viatu vinapiga sakafu.


Jumatatu, 7 Aprili

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni mwa maabara na chupa mpya ya namba saba. Fundi wa maabara kanikuta nimekaa chini. Safari hii nilimwomba asimame karibu. Tukazimua. Ikasoma 19. Akasema kwa upole, "Zidisha." Nikazidisha kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili.

Baba, kwa nini hukunilazimisha siku ile, nikamuuliza. Akasema kila mwaka anaulizwa na wanafunzi kwa nini anawachunguza chunguza, na walimu wengine wanamwambia awaache wakue. Akafuta miwani yake. Akasema hajui mtu anatakiwa kuachiwa lini.

Mimi najua kitu kimoja tu leo. Sikuhitaji yaya. Nilihitaji mtu mmoja asome ukurasa mmoja. Na nilikuwa naye, alisimama hatua mbili kutoka kwangu, nikamwambia niko sawa, baba.

Hospitali. Wamempa dawa, na dawa yenyewe ni ya bluu, nimeiona ikipita kwenye mpira. Daktari kasema wanaweza kujua jioni kama imemsaidia. Kasema pia tungewahi kuwaambia ni naitreti jana asubuhi ingekuwa rahisi zaidi. Hakunitazama aliposema, hajui ni mimi. Dada alijua. Dada kakaa na kofia ndogo ya mtoto mapajani, anaikunja, anaikunjua. Nilipiga magoti mbele yake. Nilitaka anitukane, anipige kibao, anifukuze. Kaniambia maneno manne tu.

"Nenda kaitoe ile karatasi."

Njiani nikampigia afisa afya wa mtaa. Kasema nisiguse kitu. Nisitangaze neno, nitazua taharuki, na mimi ni mwanafunzi tu. Atakuja kupima yeye mwenyewe kwa utaratibu, leo mchana au kesho. Nikasema, mzee, hiyo pampu inatumika sasa hivi. Kasema nisubiri maelekezo.

Niko uani kwa dada. Naandika nimekaa juu ya zege la pampu, mgongo wangu umezuia mkono wake. Hapa leo hamna mtu, wenye nyumba wako hospitali. Baiskeli ya shemeji bado iko juu chini, kama alivyoigeuza siku ile. Misumari mitatu imetoka. Wa nne umegoma, shemeji aliupigilia kwa furaha, nikavuta karatasi ikachanika, kwenye nguzo imebaki pembe moja yenye sahihi yangu.

Nimejaribu kukumbuka ni wangapi wenye vichanga nimewaona kwenye foleni ile Jumamosi. Wawili nina hakika. Wa tatu alikuwa amembeba wake mgongoni, sikuona umri.

Wanakuja sasa. Nasikia ndoo kabla sijawaona. Saba, nane. Ni wale wale.

Simu imetetemeka. Nilidhani ni shemeji. Ni Bwana Endelea. "Nimeona meseji yako. Changamoto ni sehemu ya kujifunza. Endelea."

Wa mbele ana mtoto mgongoni, simwoni uso, kafunikwa asipigwe na jua. Chupa ya maziwa inachungulia kwenye mfuko wa mama yake, tupu. Anasema nipishe, mwanangu, tuchote, jua limekuwa kali. Sisogei. Anaiona karatasi mkononi mwangu. Anauliza mbona nimeitoa, ameletwa mtaalamu mwingine?

Hapana, mama. Ni mimi mimi.

Anacheka, anamshusha mtoto mgongoni ili atue ndoo. Ananikabidhi nimshikie. Naweka kalamu, nifunue nimtazame midomo